Kabla ya Kulipa Karo: Kadi, Kodi na Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum

Mzazi wa Membley, Ruiru, au wa Section 9, Thika, akienda kuulizia nafasi katika shule ya kibinafsi, kitu cha kwanza anachokabidhiwa ni karatasi ya karo. Mtoto wake akiwa na usonji, mtindio wa ubongo, kifafa au shida ya kusikia, karatasi hiyo haimwambii gharama yote. Nyingine hujitokeza muhula ukishaanza: msaidizi wa darasani, mafunzo ya kuongea, nafasi maalum kwenye basi, na pengine "ada ya mahitaji maalum" isiyo na maelezo. Wazazi wengi hulipa kwanza kwa kuogopa kupoteza nafasi, halafu wakaanza kuuliza. Ushauri wangu ni kugeuza utaratibu huo: vyeti vya mtoto kwanza, shule baadaye, pesa mwisho. Sababu ni kwamba karibu kila nafuu inayopatikana Thika na Ruiru, iwe ya kodi, ya msaada au ya mtihani, hutolewa kwa kufuata karatasi.

Tuanze na kodi kwenye karo yenyewe, maana suala hili limewatia wazazi wasiwasi. Uingereza ilianza kutoza VAT ya asilimia 20 kwenye karo za shule za kibinafsi tarehe 1 Januari 2025, na wapo wanaodhani jambo hilo limeshafika kwetu. Halijafika. Sheria ya VAT ya Kenya ya 2013 inaziweka huduma za elimu, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu, miongoni mwa huduma zisizotozwa kodi hiyo, shule iwe ya serikali au ya mtu binafsi. Ukiona mstari wa asilimia 16 kwenye ankara ya karo, usilipe mpaka mhasibu wa shule akueleze kwa maandishi anatoza kwa kifungu gani. Sare, viatu na mkoba ni bidhaa, na kodi yake unailipa dukani kama kawaida.

Hata hivyo, kutotozwa si sawa na kutokuwa na kodi kabisa. Shule isiyotoza VAT haiwezi kudai irudishiwe VAT iliyolipa yenyewe iliponunua kompyuta au kukarabati madarasa. Kodi hiyo inaingia kwenye gharama zake na mwishowe kwenye karo yako. Kwa hiyo mwenye shule anayesema kodi zimempandishia gharama huenda anasema kweli. Anachoweza kufanya ni kupandisha karo kwa notisi ya mapema. Kuongeza mstari wa VAT hana ruhusa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Tathmini ya mtoto ina milango miwili, na watu wengi huichanganya. Mlango wa kwanza ni wa elimu: vituo vya tathmini vya EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark. Afisa wa hapo huangalia jinsi mtoto anavyojifunza, anavyowasiliana na anachohitaji darasani, kisha huandika ripoti inayopendekeza aina ya shule. Ili umpate, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo unakoishi, uulize afisa wa elimu maalum. Wa Ruiru wana njia nyingine ya karibu: Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iko Kasarani, ukishuka kwa matatu ya Thika Road. Taasisi hii iliundwa mwaka 1986, na pamoja na kuwafunza walimu wa elimu maalum ina kituo cha kitaifa cha kuwatathmini watoto. Piga simu upangiwe siku kabla ya kumtoa mtoto nyumbani. Mtoto mwenye usonji akikaa foleni saa nne hataonyesha uwezo wake wa kweli.

Siku hiyo beba cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki cha utotoni, barua zozote za hospitali, na madaftari mawili matatu ya mtoto. Madaftari hayo yanasahaulika sana, nayo ndiyo yanayoonyesha kama shida ni ya kuona, ya mkono, ya kuelewa au ya kutofundishwa vizuri. Kama kuna mwalimu aliyekaa naye mwaka mzima, mwombe aandike nusu ukurasa. Nawe andika yako: analala vipi, anakula vipi, nini humkasirisha, nini humtuliza. Maneno ya anayeishi na mtoto yana uzito, na mtaalamu mzuri atayasoma.

Mlango wa pili ni wa hospitali. Huu unaelekea kwenye kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Madaktari wa hospitali iliyoidhinishwa, na kwa wakazi wa eneo letu Thika Level 5 ndiyo ya kuanzia kuuliza, humpima mtoto na kujaza fomu ya ulemavu, kisha usajili unafuata kwa baraza. Kadi haichukui nafasi ya ripoti ya EARC, wala ripoti haichukui nafasi ya kadi. Shule na Baraza la Mitihani, KNEC, watataka kujua mtoto anajifunzaje, ilhali ofisi za kodi, forodha na misaada zitataka kuona amesajiliwa. Tafuta zote mbili.

Najua kuna mzazi anayesoma hapa huku moyo umekuwa mzito. Kumsajili mtoto kama mwenye ulemavu kunamkata mtu maini, hasa akiwa bado ana matumaini kwamba "ataongea tu, baba yake pia alichelewa". Heri matumaini hayo yaendelee, lakini na kadi iwepo. Kwa kadi hiyo mtoto anaweza kuombewa msaada wa vifaa na wa elimu kutoka kwa baraza. Aliye na ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa saa zote, katika familia maskini, anaweza kufikiriwa katika mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu vina msamaha wa ushuru wa forodha chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Kwa hiyo, kabla ya kumwagizia mtoto kiti maalum kutoka nje, uliza baraza barua ya kupeleka forodhani ni ipi. Ukiulizia msamaha mzigo ukiwa tayari umelipiwa, umechelewa.

Kuhusu kodi ya mapato ya mzazi, nataka niseme waziwazi kwa sababu kuna mawakala wanaowauzia watu ndoto. Karo unayomlipia mtoto wako haipunguzi mapato yako yanayotozwa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato inaihesabu kama matumizi ya nyumbani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kamakis hawezi kuiandika karo kama gharama ya biashara, hata kama anailipa kutoka kwenye akaunti ya duka. Akiiandika, siku ya ukaguzi atalipa kodi, riba na faini.

Agizo la mwaka 2010 linalosamehe kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato kwa mwezi ni la mtu mwenye ulemavu anayepata mapato yeye mwenyewe. Kadi ya mtoto haikufutii PAYE chini ya agizo hilo. Lakini mzazi akiwa mwenyewe na ulemavu, nafuu hiyo ni yake, na wapo wengi Thika wenye haki hiyo ambao hawajawahi kuiomba. Mathalani mama asiyeona, ambaye mapato yake yanayotozwa kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, PAYE yake baada ya nafuu ya kila mtu ya shilingi 2,400 ni kama shilingi 10,383. Kwa mwaka hiyo ni takriban 124,600, pesa za kumlipia mtoto karo ya mwaka katika shule nyingi za kiwango cha kati. Anahitaji kadi yake ya NCPWD, PIN, marejesho ya kodi yasiyo na kasoro, na ombi kwa KRA kupitia iTax. Agizo hilohilo linaruhusu hadi shilingi 50,000 kwa mwezi zitolewe kwenye mapato kwa ajili ya gharama za kutunzwa. Makato ya SHIF ya asilimia 2.75 na ya nyumba ya asilimia 1.5 yanaendelea, kwa kuwa hayo si kodi ya mapato. Cheti cha msamaha kina tarehe ya mwisho. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, kwani kikiisha mwajiri anarudia kukata.

Mwaka 2025 Kenya ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mzazi mwenye mtoto asiyeweza kujifanyia lolote aiandikie KRA na NCPWD barua pepe, aulize kama mlezi anaweza kuomba nafuu chini ya sheria hii na kwa fomu ipi. Jibu la maandishi lihifadhi. Ukiuliza kwa mdomo dirishani utajibiwa kwa mdomo, na jibu la mdomo huwezi kumpelekea mhasibu wa kazini.

Njia mbili zaidi zipo kwa mwajiriwa yeyote. Ya kwanza ni mwajiri. Kampuni ikikulipia karo moja kwa moja, kiasi hicho ni sehemu ya mapato yako na hukatwa PAYE, isipokuwa kampuni ikubali kutokitoa kwenye faida yake inapohesabu kodi yake. Kodi hapo inakuwa imebebwa na mwajiri, na wewe hukatwi. Mwulize ofisa wa mishahara swali hili hasa: "Karo hii mtaihesabu kama gharama ya kampuni au la?" Majadiliano hayo yafanyike kabla ya barua ya ajira kutiwa saini.

Ya pili ni bima ya elimu. Ikiwa ya muda usiopungua miaka kumi, inakupa nafuu ya asilimia 15 ya malipo unayotoa, isizidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukilipa 10,000 kwa mwezi, kodi yako inapungua 1,500. Mtoto wa miaka mitano atapata pesa hizo akiwa na kumi na mitano, umri wa kwenda kujifunza ufundi, na kwa kazi hiyo bima inafaa. Usiichukue kwa matarajio ya karo ya mwaka ujao. Ukiivunja mapema unarudishiwa pungufu ya ulichotoa, na wauzaji wengi hawatalitaja hilo mpaka uwaulize.

Baada ya kodi, chukua kalamu upige hesabu ya mwaka mzima, si ya muhula. Tuseme, kwa mfano tu, karo ni 40,000 kwa muhula, yaani 120,000 kwa mwaka. Msaidizi wa darasani kwa 15,000 katika miezi tisa ya masomo ni 135,000. Basi kwa 9,000 kila muhula ni 27,000. Mafunzo ya kuongea mara moja kwa wiki, kwa 2,000, wiki thelathini na sita, ni 72,000. Jumla ni 354,000, na karo yenyewe ni theluthi moja tu. Mzazi anayetumia nguvu zake zote kubembeleza apunguziwe karo kwa asilimia kumi ataokoa 12,000. Anayekubaliana na mzazi mwenzake, watoto wao wakiwa darasa moja, kumtumia msaidizi mmoja anaokoa 67,500. Anayehamishia mazoezi katika idara za tiba za Thika Level 5, akivumilia foleni, anaweza kupunguza sehemu kubwa ya zile 72,000.

Juu ya msaidizi huyo kuna jambo linalopuuzwa. Ukimwajiri wewe mwenyewe na kumpeleka shuleni, wewe ndiwe mwajiri: NSSF, SHIF, makato ya nyumba pamoja na sehemu yako ya asilimia 1.5, yote ni juu yako kuyapeleka. Shule ikimwajiri, mzigo huo ni wao, na wao ndio wanaomwajibisha. Ningependelea shule imwajiri, hata ikitoza zaidi kidogo, mradi mkataba useme ni nani anashika zamu asipokuja. Vinginevyo utapigiwa simu saa mbili asubuhi uje kumchukua mtoto, nawe umeshafika kazini Industrial Area.

Ukienda kuongea na mwalimu mkuu, usimfiche hali ya mtoto. Najua kwa nini watu huficha: wanahofia kukataliwa. Lakini mtoto atajulikana wiki ya kwanza, na wewe uliyeficha ndiwe utakayeonekana mkosaji. Nenda na ripoti, mpe nakala, ubaki na ile halisi. Anza kwa heshima: "Mwalimu, huyu mtoto wangu ana shida ya kuongea, na hii ndiyo ripoti. Ningependa kujua mtamfundishaje." Kisha usikilize. Mwalimu mkuu anayejua kazi atakuuliza maswali mengi kuliko utakayomwuliza. Atakayesema tu "usijali, mama, tunawapokea wote" bila kufungua ripoti, huyo mwogope.

Mwulize ana mwalimu yupi aliyesomea elimu maalum, na darasa lina watoto wangapi. Mwulize mtoto atafuata mkondo upi, kwa sababu mtaala wa umilisi una njia mbili: ile ya kawaida ya kupanda gredi kwa umri, na ile ya hatua kwa watoto wasioweza kuifuata, inayoanzia msingi hadi ufundi. Shule nyingi za kibinafsi hufundisha ya kwanza pekee. Mtoto aliyestahili ya pili hukaa nyuma ya darasa miaka mitatu akipaka rangi huku karo inalipwa. Huu ndio upotevu mkubwa kuliko wote, na hakuna msamaha wa kodi utakaoufidia. Omba mpango wa kufundisha wa mtoto wako peke yake, ulioandikwa malengo ya kila muhula, na uweke tarehe ya kuukagua. "Ada ya mahitaji maalum" ichambuliwe kipengele kwa kipengele: nani analipwa, kwa saa ngapi. Stakabadhi zitenganishe karo, tiba, chakula na basi. Mfadhili, mwajiri au kamati ya basari ikitaka kulipia sehemu moja, itaiona.

Shule ikimkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu tu, Katiba iko upande wako. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi huo, na kinamzuia mtu binafsi sawa na serikali. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata shule. Omba sababu kwa maandishi, peleka nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Ila jiulize pia kama unataka mtoto akae mahali ambapo hakutakiwa. Mara nyingine barua hiyo inafaa kwa ajili ya mtoto atakayefuata, nawe unampeleka wako kwingine.

Na "kwingine" kwa mkazi wa Thika si neno la kukatisha tamaa. Mji huu una historia ambayo miji mingi mikubwa haina. Jeshi la Wokovu lilianzisha hapa shule ya wasioona mwaka 1946, na Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo, imekuwapo tangu miaka ya 1960. Zote zina msingi na sekondari. Baadhi ya shule za msingi za serikali zina vitengo maalum ndani ya uzio wao. Zitembelee kabla ya kuamua. Familia nyingi hukimbilia shule ya kibinafsi kwa kuona aibu, kisha zikalipa mara tano kwa mwalimu asiyejua breli.

Tena pesa za serikali haziingii shule ya kibinafsi. Katika sekondari za umma mgao uliopangwa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalum huongezewa 35,730. Mgao huo huchelewa na mara nyingi hufika pungufu, na shule maalum bado zina gharama za bweni. Lakini siku unapochagua shule ya kibinafsi, jua unaliacha fungu hilo, na liandike kwenye hesabu yako.

Ukishachagua, fungua faili moja la mtoto. Liwe na ripoti ya EARC, kadi, mkataba wa shule, mipango ya kila muhula na stakabadhi zote, zikiwemo jumbe za M-Pesa ulizochapisha. Mwaka wa mtihani wa kitaifa, wa Gredi ya 6 au ya 9, mwulize mwalimu mkuu wakati wa usajili, si wiki ya mtihani, kama ameijulisha KNEC kwamba mtoto anahitaji breli, maandishi makubwa au muda wa ziada. Shule ndiyo inayoomba, nayo itahitaji ripoti. Mwombe akuonyeshe ombi lilivyojazwa kwenye kompyuta, ulisome jina na aina ya msaada, kabla dirisha la usajili halijafungwa.